Mzee Aliyesema Ameona Mwangaza

Munyakazi alivua kofia kabla ya kunywa maziwa. Hata yakiwa vijiko viwili tu vilivyopotea ndani ya chai, kofia ilishuka, ikalala gotini, akanywa, akairudisha kichwani. Baba yake alimfundisha hivyo akiwa mchungaji mdogo katika milima ya Kivu ya Kusini, na tangu hapo hakuacha, hata miaka ile ya mwanzo katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambapo maziwa yenyewe yalikuwa habari ya kusimuliwa.

Alikuwa binamu ya marehemu baba yangu, nami nilimwita baba mkubwa. Alifika kambini mwaka 1998 pamoja na mkewe Nyiransengimana, wakapewa kiwanja Juru, si mbali na shule niliyokuja kufundisha baadaye. Alilima maharage kwa uso wa mtu anayetumikia kifungo. Ilipita miaka mingi kabla hajapata tena ng'ombe, wawili, na walipopatikana, macho yakaanza kufifia. Mboni zilifunikwa na weupe kama wa uji. Kwa muda alituficha. Watu aliwajua kwa salamu na ng'ombe aliwajua kwa namna walivyocheua. Kufikia mwaka 2010 alishika fimbo ya kipofu, na hakukuwa na la kuficha tena.

Mwaka uliofuata wakaja Wafunguliwa.

Mtume wao, Modeste, tulimjua. Alikuwa fundi wa redio pale Misiera, humohumo kambini, akaenda Kampala, akarudi na spika mbili, koti jeupe na turubai kubwa. Alikuwa na miwani ya kusomea ambayo aliivua na kuitia mfukoni kila alipotaka kuwaombea wenye macho mabovu. Nilihudhuria ibada zake mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa sababu ukoo mzima ulihudhuria. Chini ya turubai lile nimeona maumivu ya kichwa yakipona, na maumivu ya mgongo, na laana za ukoo ambazo hakuna aliyeziona zikiingia wala zikitoka. Mguu uliokatika sikuuona ukiota. Mtu akipata nafuu, sifa zilikuwa za Modeste. Asipopata, imani yake ilikuwa ndogo. Akifa, tuliambiwa amepona moja kwa moja. Nimewaona wacheza karata wa sokoni wakipigwa kwa udanganyifu mdogo kuliko huo.

Ila alikuwa na akili, na akili yake ilikuwa hii. Alikulia katika kanisa letu, akajua uzito wa ushuhuda kwetu. Mtu akisimama mbele ya kusanyiko akasema nashuhudia, amekula kiapo. Ushuhuda haurudishwi. Anayeurudisha huketishwa benchi la nyuma, hanyweshwi kikombe cha Bwana, na watoto wake huitwa watoto wa mwongo. Wachungaji wetu wa zamani waliwaambia watu wapone kwanza ndipo washuhudie. Modeste alipindua: shuhudia kwanza, alisema, uponyaji utakufuata njiani. Akishakupata umesema, kazi ya kuilinda miujiza yake inakuwa yako.

Siku ya Munyakazi nilikuwepo. Modeste alimpaka mafuta machoni, akamwelekezea uso kwenye uwazi wa turubai, jua la saa nne likiwa limesimama pale.

"Muzee, unaona nini?"

"Ninaona mwangaza," Munyakazi akajibu.

Ilikuwa kweli. Mtoto wa jicho hazimi mwanga wote. Jana yake alikuwa ameuona mwangaza uleule akiwa amekaa mlangoni kwake. Lakini Modeste alishageukia kipaza sauti na kutangaza kwamba kipofu anaona, na kwaya ilishaanza. Katika kelele ile, mikono ya watu ikiwa mabegani mwake, nadhani mzee mwenyewe aliona kama mwanga umezidi kidogo. Alikuwa na hamu ya kuwaona ng'ombe wake. Wakamwambia ashuhudie, akashuhudia. Modeste akachukua fimbo yake akaipiga gotini ivunjike. Haikuvunjika. Wahudumu wawili wakaja kumsaidia, na baada ya kuhangaika nayo mbele ya watu wote, ikavunjika.

Hivyo kipofu alirudi nyumbani bila fimbo.

Nyiransengimana alikuwa mwanamke asiyesema. Jirani aliweza kukaa naye mchana kutwa wakichambua maharage asisikie zaidi ya maneno matatu. Tangu siku ile akaanza kuimba. Aliimba tenzi akienda kisimani, akienda shambani, akienda ibadani, daima akitangulia mbele ya mumewe, na mzee akifuata sauti. Njia ikipinda, alivuta beti; penye shimo, alinyamaza ghafla. Watu wa Juru walifurahi. Wafunguliwa walimhesabu kuwa muujiza wa pili wa nyumba ile: bubu wa roho amefunguliwa kinywa. Walimwita mbele wakampigia makofi. Aliinamisha kichwa akarudi kuketi, na mimi nilitoka nje nisije nikasema kitu.

Mwaka 2012 madaktari wa macho walikuja kutoka Mbarara kuchagua wa kupasuliwa, bila malipo. Pamoja nao alikuwa muuguzi mmoja, Elly, kijana wa huko Mbarara mwenye Kiswahili cha sokoni na macho makali. Hakuhitaji kumpima Munyakazi. Alimwona akipita Misiera nyuma ya mkewe, akamsimamisha njiani.

"Mzee, hii macho iko na mtoto wa jicho tu. Kuja Mbarara, daktari natoa, wewe naona."

Munyakazi alimshukuru, akaendelea na safari. Jioni nilimfuata kwake nikabishana naye mpaka nikachoka. Alinisikiliza kwa upole ambao ulinichosha zaidi. Mwishoni akasema, "Mutoto yangu, mimi nilishashuhudia. Sasa nitapanga mulolongo pamoja na bipofu, niseme nimefuata nini?" Nilimwambia aseme amedanganywa. Akasema kinywa kilikuwa chake. Gari la madaktari likaondoka bila yeye.

Miezi iliyofuata jicho la kushoto likaanza kuuma. Liliiva, likatoa machozi, akaishusha kofia upande ule. Modeste kwa wakati huo alishahamia Kakiika, Mbarara, karibu na kambi ya jeshi, ambako wake wa askari walikuwa na riziki ya uhakika kuliko wakimbizi. Turubai la kwetu alimwachia msaidizi wake, Cyiza.

Kilichovunja mambo ni mafua. Jumapili moja mwaka 2013 Nyiransengimana aliamka sauti imekauka kabisa. Wakaondoka hivyohivyo, yeye mbele, akijaribu kukanyaga kwa kishindo. Mbele ya turubai watu walikuwa wengi na kila mmoja ana kishindo chake. Munyakazi alipita mlango, akapita wahudumu waliomnyooshea mikono ya salamu, akaendelea moja kwa moja, kifua mbele kama mtu mwenye safari, hadi ndani ya shamba la maharage la jirani, akaangukia miti ya kuegemezea. Watu walicheka kabla hawajaelewa. Kisha wakaacha kucheka, wakamwinua, wakamketisha chini ya turubai.

Cyiza hakukosa maelezo. Kundi lile halijawahi kukosa. Alisema uponyaji ulikuwepo na umerudishwa, na aliyeurudisha ni mtu wa nyumbani mwenye mashaka. Akamwita Nyiransengimana mbele.

"Mama, tubu. Ni mashaka yako ilirudisha giza."

Mama yule alisimama pale, koo halitoi sauti, akifungua mdomo na kuufunga. Ndipo Munyakazi akainuka, majani ya maharage yakiwa bado kwenye koti.

"Cyiza, wacha bibi yangu. Ile siku niliulizwa, nikasema mwangaza. Mwangaza hata kuku anaiona. Miaka mbili huyu mwanamuke ndiye alikuwa macho yangu, na munamuambia atubu?" Alijua anachokifanya, na kila mzee wa kwetu aliyekuwemo alijua. "Nashuhudia mara ya pili. Niko kipofu."

Hawakumpa hata benchi la nyuma. Walimtoa nje.

Wiki ileile nilimpeleka Mbarara. Daktari alitazama muda mrefu, akasema jicho la kulia litasaidika. La kushoto lilikuwa limekufa kwa presha iliyojaa ndani. "Mngemleta mwaka jana," alisema, bila ukali, kama mtu aliyechoka kulisema neno hilo. Akapasuliwa, na bandeji ya kulia ilipotolewa, mzee alimtazama mkewe kwa muda, kisha akamuuliza ni lini alianza kuzeeka hivyo. Nyiransengimana alicheka, na tangu siku ile hakuimba tena njiani.

Tuliporudi kuangaliwa jicho, tulikaa benchi moja na Angella, mke wa askari kutoka Kakiika. Alikuwa amemleta mama yake, aliyengoja mwaka mzima kuponywa macho na Modeste. Alitusimulia habari za mzee mmoja wa Nakivale aliyekuwa kipofu, ambaye Modeste alimtaja kila Jumapili: alishuhudia, uponyaji ukamfuata njiani, na sasa anachunga ng'ombe peke yake.

"Na munganga aliyemupasua, hakumutaja?" Munyakazi akauliza.

"Daktari gani?" Angella akasema.

Mwaka 2015 Munyakazi na mkewe walipata safari ya kwenda kuishi Amerika. Asubuhi ya kuondoka, watu walipojaa Base Camp, makao makuu ya kambi, kuaga, Cyiza alikuja na simu, akataka picha ya mzee aliyeponywa ili aipeleke Kakiika. Munyakazi alimpa mkono, akampita, akapanda basi. Nilisimama chini ya dirisha lake. Aliniinamia, akinitazama kwa lile moja.

"Umuambie Modeste," akasema, "jicho ya kuume ni ya munganga. Ile ya kushoto ndiyo yake."