Karani wa Safari za Meli

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, karani wa ofisi ya safari pale mtaa wa Qurum alichonga penseli yake na kuwachorea wasafiri mishale ya kibla. Meli yao huzunguka Mediterania wiki nzima, Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli, Palermo mpaka Malta, na kila bandari aliipa mshale wake. Vidole vyake virefu vilipita juu ya ramani taratibu, kama vinapapasa hariri dukani. "Usiitazame meli, bibi, meli hugeuka. Litazame jua," aliwaambia watu wazima kwa sauti ya chini, nao wakacheka, roho zikatulia. Nouf, binti wa mwenye ofisi, alimsikiliza kutoka kiti cha dirishani. Karani alikuwa akilieleza soko la samaki la Marseille mpaka unasikia harufu, na mwenyewe hajapanda meli hiyo hata siku moja.

Siku moja karani alimwendea Thabit, babake Nouf, mkono kifuani. "Shekhe, nnaomba likizo, na mimi nikapande. Mwaka wa tisa huu nnaomba."

"Msimu huu wateja wote wanakutaka wewe. Subiri mwakani, yakhe."

"Mwakani ndiyo ulonambia mwaka jana."

"Basi ukenda, usirudi kazini."

Karani hakununa. Aliifuta meza kwa kiganja, akampa Nouf funguo za kabati, akatabasamu peke yake. "Sawa, shekhe. Niombee dua." Akatoka, akakatiza maegesho ya magari katika jua la adhuhuri kwa mwendo wa mtu anayewahi harusi ya kwao, na pale ofisini hakurudi tena.