Jibu Lililokwama Kwenye Seva

Mgonjwa alikuwa dereva wa bodaboda wa Makorora, kijana aliyeoa juzijuzi tu. Gari lilimgonga asubuhi akienda kuchukua abiria. Alipofikishwa hospitalini kwetu alikuwa bado anazungumza, hata akawa anaulizia pikipiki yake. Kufikia adhuhuri alikuwa amenyamaza.

Daktari wetu wa upasuaji alimpiga picha za kichwa, akazituma kwa barua pepe kwa bingwa wa ubongo aliye mji mwingine, maana sisi hatukuwa na bingwa wa namna hiyo. Alitaka kujua jambo moja: wamfungue kichwa hapahapa, au wampakie kwenye ambulansi asafirishwe? Baada ya muda ukaja ujumbe mfupi kwenye simu ya daktari: “Nimekujibu kwa barua pepe. Nimechora kwenye picha. Naingia thieta.” Daktari akampigia papo hapo. Simu ilikuwa imeshazimwa.

Na barua haikuja.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali ile. Daktari alikuja mwenyewe chumbani kwangu, kofia ya thieta kichwani.

“Dada, barua yangu iko wapi?”

Nilijua anachouliza, na nilikuwa nakiogopa. Wiki nzima seva yetu ya barua pepe, ile kompyuta inayopokea na kugawa barua za hospitali yote, ilikuwa inajikokota. Barua iliyotumwa asubuhi ilifika alasiri. Watu walilalamika, nami nikawa nasingizia intaneti. Sasa nikaipima mbele yake. Intaneti ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

“Imo humu ndani,” nilisema. “Au iko mlangoni, haijapata nafasi ya kuingia.”

Katibu wa hospitali naye akaingia, anahema. “Izime, uiwashe tena.”

“Niliizima mwanzoni mwa wiki, mzee. Ilikaa nusu siku ikihesabu barua zake ndipo ikaamka.”

“Na usipoizima?”

Nilikuwa natazama namba kwenye kioo. Ubongo wa mashine ulikuwa umetulia, karibu hauna kazi. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi tele. Lakini kitaa cha diski, ambacho kwa kawaida humetameta, kilikuwa kimewaka moja kwa moja bila kupepesa. Kuna kitu kilikuwa kinaandika na kusoma, kinaandika na kusoma, hakipumziki, na barua nyingine zote zilikuwa zinasubiri nyuma yake.

Nikafungua foleni ya barua. Orodha ilipanda kioo chote, ikaendelea kupanda. Nikaisimamisha, nikasoma anwani. Mstari wa kwanza ulikuwa wa metroni wetu, mkuu wa wauguzi. Wa pili ulikuwa wake, na wa tatu pia. Nikashuka, nikashuka tena, ni yeye tu.

Metroni alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani. Ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini, akanizungusha wodi kwa wodi akinitambulisha kama binti yake. Utawala uliamua kisanduku chake cha barua kisifungwe, kwa sababu wauzaji wa vifaa walikuwa bado wanamwandikia. Nacho kilikuwa na agizo aliloliweka mwenyewe akiwa hai: kila barua inayoingia itumwe pia kwenye anwani yake ya nyumbani. Anwani ile ya nyumbani, ambayo hakuna tena aliyeisafisha, ilikuwa imejaa. Kila barua tuliyoituma ilikataliwa, ikarudi kwenye kisanduku chake hapa, agizo likaituma tena, ikakataliwa tena. Na kila mzunguko ilikuwa inanenepa, imebeba zile za nyuma mgongoni.

Simu ya daktari ikaita. Alisikiliza, akaikata. “Wodini wanasema mboni moja ya jicho imeanza kupanuka, ubongo unabanwa,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. “Dada, fanya hima.”

Ningeweza kuifuta foleni yote kwa amri moja. Lakini kama jibu la bingwa lilikuwa humo katikati, ningelifuta nalo. Nikaandika amri, nikaisoma, nikaona nimekosea herufi, nikafuta, nikaandika upya. Kwanza nikaondoa lile agizo la metroni. Kisha nikatenga barua zake peke yake, zikae kando. Nikabonyeza.

Hakuna kilichobadilika. Katibu akaanza kusema kitu, daktari akamwinulia mkono anyamaze.

Kitaa kikapepesa mara moja. Kikazimika, kikawaka.

Barua zikaanza kuingia kama watu waliofunguliwa geti. Tangazo la semina. Oda ya chanjo. Mtu anaomba likizo. Nikasikia daktari anapumua shingoni kwangu. Ndipo likaja jina la bingwa.

Alisoma akiwa amesimama: “Msimsafirishe, hatafika. Mfungue hapo nilipoweka alama.” Akapiga picha kioo changu kwa simu yake, akatoka mbio. Nilipofika korido, mama wa yule kijana alikuwa kwenye benchi, ncha ya kanga ameiuma menoni. Nilikaa kando yake. Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia.

Kijana alipona. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, na maneno yalimchelewa kidogo, lakini alitoka hospitalini kwa miguu yake, mkewe amemshika.

Baadaye katibu alinituma Chumbageni kwa mume wa marehemu, kumweleza kwamba kisanduku kile tunakifunga.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani.”

Nilimweleza taratibu. Alisikiliza, kisha akaniletea simu ya metroni, ile iliyokuwa ikipokea barua za anwani yake ya nyumbani. Ilikuwa na chaji, na bando la intaneti.

“Ilikuwa inalia kila siku,” alisema. “Barua za hospitali. Sikuwa nazisoma, lakini naisikia ikilia, nasema, haya, bado wanamhitaji. Wiki ile mashine yenu ilipokwama, ikanyamaza. Nikafikiri imeharibika, nikaipeleka kwa fundi.”

“Fundi alisemaje?”

“Kasema ni nzima.”

Aliishika simu mkononi, akaitazama.

“Basi fungeni,” alisema. “Ila hii sitaizima.”