Kitenge cha Machi

Kampuni yetu hapa Lubumbashi inawapenda viongozi wa kike kupita kiasi. Ndiyo maana kila Machi, Siku ya Wanawake, inamzawadia mwanajiolojia wetu kitenge kilichoandikwa "Mwanamke Mbele", na kila Aprili yeye bado yuko nyuma ya hangari, akichunguza mawe yaliyotoka mgodini. Kucha zake zina ukijani wa malakiti, madini ya shaba, ambao sabuni imeukatia tamaa. Hulilowesha jiwe, huligeuza kuelekea dirishani, kisha hulinong'oneza, "Sema kweli, mutoto," kana kwamba limeiba sukari.

Mwaka huu kiti cha mkuu wa jiolojia kilikuwa wazi, na kazi zake zote zilikuwa zikifanywa na yeye. Mkurugenzi alimsifu mbele ya keki, wageni wakapiga makofi, akapewa kitenge. Kiti akapewa Sylvain, kijana aliyefundishwa na huyo huyo mama hata namna ya kushika nyundo. Mama alirudi hangarini, akatafuta mkasi, akakikata kitenge vipande vya kupanguzia matope.

Jumatatu Sylvain aliingia mbio na jiwe lililojaa matope, mkurugenzi akimsubiri nje.

"Maman, unisaidie. Hii iko nini?"

Mama alimpa mkuu wake mpya kipande cha kitenge. "Panguza kwanza, Chef. Kisha uiulize yenyewe."

Sylvain akapanguza mpaka neno "Mbele" likazama matopeni, halafu akainua macho kungoja jibu. Mama alikuwa ameshageukia dirisha, na jiwe lake jingine.