Mholanzi Aliyekataa Kunawishwa

Miaka ya wakimbizi nilikuwa na malori mawili. Niliyapata kwa mgongo wangu. Nilianza kubeba magunia bandarini Kigoma sina hata kandambili, na shule niliiachia darasa la pili. Nayasema mapema ujue kwa nini yule Mholanzi alinichoma roho.

Alikuwa kanali mstaafu wa jeshi la kwao. Shirika lililopeleka chakula kambini lilimleta asimamie usafiri, na malori yangu yakawa chini yake. Mrefu, mvi tupu, mgongo umenyooka kama nguzo ya simu. Makuli wangu walimwita Afande siku ya kwanza tu. Mimi niliyewaajiri nilibaki Mzee, kama babu yeyote wa mtaani kwetu Rusimbi.

Njiani alinipa habari zake kwa Kiswahili cha taratibu alichojifunza kambini, kimechanganyika na Kirundi. Aliingia chuo cha jeshi akiwa kijana. Baba yake naye alikuwa ofisa. Akajenga madaraja ya jeshi, akapelekwa Lebanoni, akapelekwa Bosnia, akapanda vyeo hadi ukanali.

"Mzigo ulianza kubeba lini?" nikamuuliza.

"Sikuanza na mzigo, Mzee. Nilianza na shule."

Nilifurahi, hapo nilikuwa nimemzidi. Furaha yenyewe haikufika mbali. Tulipopita Mwandiga lori la mbele likazama kwenye tope. Kanali akavua buti, akaingia, akasukuma pamoja na makuli mpaka shati likawa halijulikani rangi. Mimi nilikaa kwenye kabini. Nilishasukuma vya kutosha maishani, ndiyo maana nikanunua lori. Lakini niliona walivyomtazama.

Lori lilipotoka tukapika pale pale kando ya barabara, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu. Kwetu mkubwa hunawishwa kwanza, na kwa makuli wangu mkubwa nilikuwa mimi, siku zote. Nyapara wao alikuwa shemeji yangu, nimemtoa kwenye kubeba mimi mwenyewe. Akachukua birika la maji. Akanipita. Akaenda kuinama mbele ya Mholanzi.

"Karibu unawe, Afande."

Mikono nilikuwa nimeshainyoosha. Nikajifanya najikuna goti.

Kanali akatikisa kichwa. "Jeshini mkubwa anakula wa mwisho. Wanawe vijana kwanza."

"Basi wewe, Mzee," shemeji akanigeukia.

Ninawe sasa, nionekane mlafi? "Wa mwisho ni mimi," nikasema. "Malori ni yangu."

"Msafara ni wangu," akasema Kanali.

"Basi kaeni hivyo hivyo, wazee wetu," akasema kuli mmoja, tonge tayari mkononi. "Sisi hatuna cheo, tuna njaa."

Wakacheka, wakala. Sisi wawili tukakaa tunatazamana, mikono michafu, migebuka ikigeuka miiba mbele yetu. Birika lilipotufikia, sufuriani palibaki ukoko. Kanali akaumega, akanipa kipande kikubwa, akacheka. Mimi sikucheka. Hata kwenye ukoko alitaka kunishinda.

Kesho yake shemeji aliniletea birika mimi kwanza. Nikamwambia, "Anza na vijana." Nilikuwa nimeona walivyomtazama yule.

Kanali alirudi kwao zamani. Mimi mpaka leo, kwenye kazi zangu zote, nanawa wa mwisho. Vijana wananisifu sana kwa hilo, kisha wanamalizia: Mzee alifundishwa na Afande.

Hapo ndipo tonge linaponikwama.