Gari Lililovuta Kushoto

Harufu ya grisi iliyochanganyika na vumbi la pamba hadi leo hunirudisha uani kwetu Bariadi, enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kugombea pamba, na baba, aliyewakusanyia vijijini, alijipatia gari dogo la mtumba kutoka Ujapani. Mama alipougua na kukonda, ndilo lililompeleka hospitali kubwa Mwanza. Walirudi na dawa kidogo. Baba akasema watakwenda tena, ila gari linavuta kushoto. Kwanza magurudumu yanyooshwe.

Mashine ya kupimia hatukuwa nayo. Fundi Masanja alifunga uzi gurudumu la nyuma, akauvuta hadi la mbele, akafumba jicho moja kutazama mwanya uliobaki, kisha akalegeza nati chini ya gari na kuizungusha kidogo kidogo. "Gari hupimwa na mzigo wake," baba alipenda kusema, kwa hiyo mama aliketishwa kiti cha nyuma, amejifunga kanga mbili kwenye jua lile.

"Leo nimekuwa gunia la pamba," alitutania.

Mimi, mtoto wa kwanza, nilishika uzi usilegee. Niliushika kwa moyo wote. Niliamini magurudumu yakinyooka, mama atapona.

Baada ya siku chache baba alimwita fundi tena. Na tena. Mwishowe Masanja akafuta mikono, akacheka.

"Baba Limi, gari hili limenyooka kuliko barabara yenyewe! Mpeleke mayu hospitali."

"Bado linavuta," baba alijibu, hamtazami mtu. "Pima."

Masanja akaacha kucheka. Akainama, akapima.

Mama alifia nyumbani kabla mvua hazijaanza, na kwa muda mrefu nilimlaumu baba na gari lake. Kisha yeye naye akakonda, akalala kitandani. Niliacha shule nimuuguze na kuwalea wadogo zangu wawili. Asubuhi moja nilikwenda kumuuliza daktari wa mjini kama tumpeleke Mwanza. Akaniambia, kwa upole, nibaki naye tu nyumbani. Ndipo nilipoelewa maneno ambayo baba alirudi nayo kutoka Mwanza, na kwa nini hayakumtoka mdomoni.

Niliporudi niliwakuta wadogo zangu wameshamvalisha baba shati la safari, wanahangaika na kamba za viatu vyake.

"Dada, tunaondoka saa ngapi?"

Nilipiga magoti, nikazifunga vizuri.