Tribuni wa Karungu

Wako watu Mungu aliwapa sauti akasahau kuitia kifuniko. Truphena wa Karungu alikuwa mmoja wao, ndiyo maana mwaka wa tisini na nne wanawake waanikao omena, wale dagaa wa ziwani, walimchagua awe msemaji wao. Mshahara? Thubutu! Hata kigoda cha kukalia hakupewa.

Bintiye Milka, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyempa cheo. Alimsimulia habari za Roma ya kale, jinsi wanyonge walivyokuwa na mtetezi wao aliyeitwa tribuni. Hakuwa na jeshi. Lakini mkubwa akitaka kuwaonea, tribuni alisimama mbele yake, yeye mwenyewe kwa miguu yake, akasema nakataza, na amri ikafia hapo.

"Na wakimpiga?" Truphena akauliza, maana hilo ndilo lililomhusu.

"Hawathubutu, mama. Wanyonge walikula kiapo. Anayemgusa mmoja huyo amewagusa wote."

Truphena akawapelekea wenzake hadithi hiyo, nao, nusu kwa utani, wakaapa: atakayemgusa Truphena, omena yake hainunuliwi.

Utani ukapata kazi. Levis, mwenyekiti wa ufuo na mwenye mashua, akaamua uwanja wa kuanikia uwe wa kuegesha malori. Bila uwanja omena inaoza, na omena ikioza watoto wanalala njaa. Lori la kwanza lilipofika asubuhi, Truphena akasimama mbele yake.

"Nakataza," akasema.

"Wewe nani wa kunikataza?" Levis akamshika bega, akamsukuma kando.

Wanawake hawakupiga kelele. Walijitwika mabeseni yao wakazipita mashua za Levis kana kwamba hazipo, wakaenda kununua kwa wengine. Jua likapanda. Omena ya mwenyekiti ikaanza kunuka. Akaona hapana neno, mkewe Dolphine naye ni mwanikaji, atanunua. Akamwita.

Dolphine akaitazama omena, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Cliff, mimi pia niliapa," akasema, akapita.

Levis akavua kofia. Kisha akamwashiria dereva ageuze lori, akarudi kwa Truphena kofia mkononi.

"Mama Milka, samahani. Uwanja ni wenu. Sasa na mimi unisemee kwa hao wenzako, na zaidi kwa Dolphine."

Truphena alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akajifunga leso vizuri, akaenda kumsemea.