Siku Bomba Lilipovuja

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, nilipata kibarua katika shamba la nyanya bondeni, chini ya kijiji cha Mlola. Mwenye shamba alikuwa mfanyabiashara wa Tanga ambaye tulimwona kwa nadra. Aliyetusimamia alikuwa mtu wa makamo aliyekuja naye kutoka huko, mpole wa sauti lakini asiyependa kuona mtu amesimama bure. Nilikuwa na binamu yangu, binti wa mjomba, tuliyelingana naye umri, pamoja na akina mama waliochuma nyanya na kuzipanga kwenye matenga.

Kupulizia dawa ya wadudu tuliachiwa mimi na binamu. Msimamizi alisema migongo yetu bado ina nguvu ya kubeba bomba. Hatukupewa glavu wala buti. Tulijifunga vitambaa puani, tukaingia kwenye matuta.

Siku hiyo bomba la binamu lilikuwa linavuja kwenye mfuniko. Alilisema jambo hilo mapema, msimamizi akafunga kipande cha mpira wa baiskeli na kusema litafika jioni. Jua lilipopanda, shati la binamu lilikuwa limelowa mgongo mzima. Nilimwona akitema mate, kisha akitema tena na tena. Akanijia huku anapepesuka, akaniambia kwa Kishambaa, ili msimamizi asielewe, kwamba macho yanaingia giza. Akaniomba nisimwambie mtu, asije akafukuzwa.

Kabla sijamjibu, aliangukia kwenye nyanya na bomba likiwa bado mgongoni.

Nilipiga kelele. Akina mama walikuja mbio, na msimamizi nyuma yao. Binamu alikuwa anatoka jasho kama aliyetoka mtoni, mate yanamchuruzika, na nyama za mapaja zinachezacheza zenyewe. Msimamizi alisema ni njaa tu, watoto wa siku hizi hawali asubuhi. Akamtuma mama mmoja akatafute maziwa, akaagiza binamu alazwe kivulini mpaka apate nafuu.

Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha huko juu. Bondeni simu haikushika mtandao, kwa hiyo nilipanda mteremko kwa mikono na miguu mpaka kwenye mwamba tuliozoea kupigia simu. Alipopokea sikumpa hata shikamoo, nilimweleza moja kwa moja yaliyompata binamu. Naye hakuuliza kwa nini.

"Mvue nguo zilizolowa," aliniambia. "Mwoshe mwili mzima kwa sabuni na maji mengi. Mlaze ubavu. Asinywe chochote, hata maziwa. Na wewe usiziguse zile nguo kwa mikono mitupu. Kisha mleteni, na chupa ya dawa mje nayo."

Niliporudi, yule mama alikuwa ameshaweka kikombe cha maziwa mdomoni mwa binamu. Nilikisukuma pembeni, maziwa yakamwagika. Sikuwahi kumfanyia mtu mzima jambo kama hilo. Msimamizi alinishika mkono. Alisema nikimpeleka kituo cha afya wataanza kuuliza maswali, na kazi ya wote itakufa.

"Mzee, niache," nilisema. "Akifa hapa, watauliza zaidi."

Akaniachia. Akina mama walizungusha khanga zao pande zote kama ukuta, nami nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, tukamvua binamu na kumwosha kwa maji ya kijito. Maji yalikuwa baridi ya kukata, lakini hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Tulimfunga khanga kavu. Pikipiki haikuweza kushuka bondeni. Tulikuwa tunatazamana nani ambebe, msimamizi akachuchumaa, akasema tumpandishe mgongoni mwake.

Alipanda naye ule mteremko wote bila kupumzika. Nilimfuata na chupa ndani ya mfuko, nikisikiliza pumzi ya binamu iliyokuwa inakoroma. Barabarani tulipata bodaboda, nikamkumbatia binamu katikati, na msimamizi akafuata na nyingine.

Mama mdogo alimfunua macho kwa kidole, akasoma chupa, akamwita daktari. Walimchoma sindano, wakangoja, wakamchoma nyingine. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Msimamizi alikaa pembeni yangu, viganja juu ya magoti, navyo vilikuwa vinatetemeka. Nilidhani ni hofu. Mama mdogo alipotoka kutuambia binamu ameanza kupumua vizuri, aliviona viganja vile, akamuuliza tangu lini.

Alivificha viganja kwapani. Kisha akasema yeye ndiye huchanganya dawa, kila msimu, kwa mkono, na kwamba jioni naye huona giza.

"Ingia ndani," mama mdogo akamwambia.

Binamu alilazwa kwa siku kadhaa, na alichukua muda mrefu kabla ya kuweza kushika sindano ya kushonea bila kutetemeka. Bwana shamba wa serikali alikuja na viongozi wa kijiji, mwenye shamba akaitwa, akazuiwa kumpa bomba mtu yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane. Glavu zililetwa, na buti, na makoti ya plastiki. Msimamizi hakurudi kazini. Nilisikia ameenda kwao kutibiwa, sikumwona tena.

Mjomba alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya ibada. Mama alimmiminia chai. Mjomba alimwambia kwamba siku zile binti yake alipokuwa akirudi kutoka shambani na kichwa kinamuuma, yeye alikuwa akimwambia anywe chai alale. Mama alimwongezea chai kwenye kikombe. Mjomba hakunywa.